Sahihi ya picha kwa PDF itakuchoma! Jua setifiketi ya kidijitali kabla usaini mkataba mwingine

Tuanze na form unaijua. Umepata gig ya kuedit video. Mteja anakutumia mkataba wa PDF saa nne usiku. Huna printa, cyber zimefungwa. Unachora sahihi kwa karatasi, unaipiga picha na simu, unaibandika kwa faili na kurudisha. Imeiva.

Miezi mitatu baadaye unaulizia doo yako. Mteja anatoa mkataba ule ule, lakini elfu 40 imegeuka elfu 14. Sahihi iliyo chini ni yako. Utajitetea aje?

Shida ni kwamba ile picha haijui chochote kuhusu maneno yaliyo juu yake. Yeyote anaweza kubadilisha maneno na kuiacha pale pale, au kuikata na kuibandika kwa karatasi ya mkopo. Hapo ndipo setifiketi ya kidijitali inaingia.

Setifiketi ya kidijitali ni nini?

Ichukulie kama kitambulisho cha kompyuta. Ni faili ndogo yenye jina lako, namba yake, jina la aliyeitoa, tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kitu kinaitwa ufunguo wa umma.

Ufunguo wa umma una pacha wake, ufunguo wa siri. Ule wa umma unaweza kumpa mtu yeyote, hata adui. Ule wa siri unabaki na wewe pekee, mara nyingi ndani ya kifaa kinachofanana na flash disk ambacho watu huita tokeni, kikiwa kimefungwa na PIN.

Wazo la funguo mbili lilichapishwa na Whitfield Diffie na Martin Hellman mwaka wa 1976. Mwaka uliofuata, Rivest, Shamir na Adleman wakatoa njia ya RSA, ambayo bado inatumika leo.

Inafanya kazi aje?

Ukibonyeza kusaini, programu husoma faili nzima na kuitolea alama yake, kama alama ya kidole. Wataalamu huiita heshi. Kwa njia ya SHA-256, heshi huandikwa kwa herufi na tarakimu 64, hata kama faili ni ya ukurasa mmoja au kurasa 500. Ukibadilisha koma moja tu, heshi inageuka kabisa.

Halafu ufunguo wako wa siri unatumika juu ya hiyo heshi, na matokeo yake yanawekwa kwa faili pamoja na setifiketi yako. Hayo matokeo ndiyo sahihi yenyewe. Ule mchoro wa jina lako unaouona kwa ukurasa ni urembo tu.

Anayepokea, programu yake inahesabu heshi upya na kuilinganisha kwa kutumia ufunguo wako wa umma. Zikilingana, faili haijaguswa. Zikikataa, kuna mtu amechezea kitu. Yule mteja wa elfu 14 angeshikwa hapo hapo.

Nani anasema hiyo setifiketi ni ya ukweli?

Swali poa. Mtu yeyote anaweza kujitengenezea setifiketi kwa lapi yake na kuandika jina la gavana. Ndiyo maana kuna mashirika yanayothibitisha wewe ni nani kabla ya kukupa yako. Hapa Kenya, Mamlaka ya Mawasiliano, yaani CA, ndiyo hutoa leseni kwa hayo mashirika.

Na hao watoaji wakilala, ni noma. Mwaka wa 2011, wadukuzi waliingia kwa kampuni ya Uholanzi, DigiNotar, wakatoa mamia ya setifiketi feki, moja ikiwa na jina la Google. Ilitumika kuwachunguza watu Iran. Vivinjari viliacha kuiamini DigiNotar, na mwezi wa Septemba mwaka huo huo ikafilisika. Kwa hii biashara, ukipoteza imani umepoteza kila kitu.

Sheria ya Kenya inasema nini?

Sheria ya Habari na Mawasiliano inatambua sahihi za kielektroniki. Inaipa nafasi ya juu ile inaitwa sahihi ya kielektroniki ya hali ya juu. Lazima itimize mambo manne: iwe imefungamana na wewe peke yako, iweze kukutambulisha, itengenezwe kwa njia iliyo chini ya udhibiti wako pekee, na mabadiliko yoyote baada ya kusaini yaonekane.

Mwaka wa 2020, Bunge lilibadilisha sheria kadhaa za biashara kwa mpigo, na Sheria ya Mikataba ikaanza kutambua sahihi ya aina hiyo.

Picha iliyobandikwa si lazima itupwe na korti, lakini wewe ndiye utatoa jasho kuthibitisha. Na wosia usiusaini kwa simu. Huo bado unataka karatasi, kalamu na mashahidi wawili.

Jinsi ya kuipata na kusaini

1. Angalia kwa CA ni nani wana leseni. Usinunue setifiketi kwa msee wa Telegram.
2. Thibitisha wewe ni nani. Kwa kawaida utaitishwa kitambulisho au pasipoti, na kampuni huitishwa stakabadhi za usajili.
3. Pokea tokeni au akaunti yako, kisha uweke PIN. Si mwaka wako wa kuzaliwa, tafadhali.
4. Fungua PDF kwa programu kama Adobe Acrobat Reader, tafuta sehemu ya setifiketi, chora kisanduku, chagua setifiketi yako, weka PIN, hifadhi.
5. Tuma faili yenyewe. Kwa WhatsApp, itume kama dokumenti. Ukiprinti au kupiga skrini, sahihi imekufa na umebaki na picha.

Ukitumiwa wewe, angalia nini?

Fungua sehemu ya sahihi kwa programu na uulize maswali matatu. Je, faili imebadilishwa tangu isainiwe? Je, aliyetoa setifiketi anaaminika? Je, setifiketi ilikuwa hai siku ya kusaini, au ilikuwa imeisha ama kufutwa?

Muhuri wa muda unasaidia hapo. Unaonyesha sahihi iliwekwa lini, kwa hivyo setifiketi ikiisha mwaka ujao, mkataba wa leo bado unaweza kuthibitishwa. Bila huo muhuri, saa inayoonekana ni ya lapi ya aliyesaini, na hiyo anaweza kuirudisha nyuma akitaka.

Mahali wasee huchomeka

Kwanza, kupeana tokeni na PIN. Bosi anampa sekretari "asaini kwa niaba," ama unamwachia jamaa wa cyber. Chochote atakachosaini kitasomeka ni wewe. Kumbuka sheria imesema udhibiti wako pekee.

Pili, kunyamaza tokeni ikipotea. Piga ripoti kwa aliyekupa siku hiyo hiyo ili setifiketi ifutwe. Kila saa unayongoja, kuna mtu anaweza kuwa anasaini kwa jina lako.

Tatu, kudhani sahihi inaficha siri. Haifichi. Mtu yeyote mwenye faili anaweza kuisoma, labda uifunge kwa njia nyingine.

Na ya mwisho, ambayo hakuna teknolojia itakuokoa nayo: setifiketi inathibitisha nani amesaini na nini amesaini. Haisemi kama hiyo dili ni ya haki. Ukisaini mkataba mbaya na setifiketi safi, umejifunga vizuri zaidi. Soma kila ukurasa kwanza, hata kama ni saa nne usiku na mteja anasema ana haraka.