Taka Zilizopo na Mlimbiko

Mtu anayekagua taka za plastiki kando ya mto hutafuta majibu ya maswali mawili: zipo kiasi gani, na zinaongezeka kwa kasi gani? Kiasi hicho cha kwanza kwa Kiingereza huitwa, neno kwa neno, "akiba iliyosimama", istilahi inayotumika pia katika kuhesabu samaki. Tusiifuate. Akiba ni kitu ulichokiweka kwa makusudi, na chupa tupu iliyonasa kwenye mizizi ya mkuyu haikuwekwa na mtu kwa ajili ya kesho. "Taka zilizopo" inatosha.

Kwa jibu la pili, neno tunalo: mlimbiko. Kiangazi, mito midogo inapokauka, watu hufukua visima mchangani na kusubiri maji yajikusanye kidogo kidogo. Huko ndiko kulimbika maji. Anayekuta kisima kina maji ya ndoo tatu amejua yaliyopo tu. Ili ajue kinatoa kiasi gani, itambidi ayateke yote, asubiri, kisha apime upya.

Ukaguzi wa taka hufuata njia hiyohiyo. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2009 kuhusu taka za baharini unashauri kipande cha ufuko cha mita 100, na kuhesabu kila kitu kuanzia sentimita 2.5. Ukihesabu na kuondoka, umepata taka zilizopo. Ukisafisha kipande chote, ukarudi kwa vipindi vilivyopangwa, ukahesabu na kuzoa kila mara, umepata mlimbiko. Kazi ya pili ni ngumu na ina gharama, na ndiyo sababu ripoti nyingi huishia kwenye ya kwanza.

Tofauti hii ina uzito mkubwa kwetu. Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 1 Juni 2019. Plastiki haiozi upesi. Rambo lililofukiwa na mchanga kabla ya tarehe hiyo bado linaweza kuibuka leo. Mkaguzi anayehesabu taka zilizopo ataliandika, na msomaji wa ripoti atadhani marufuku imeshindwa. Mlimbiko pekee ndio utakaoonyesha kama mifuko mipya inaendelea kuja.

Wilaya zetu za Nachingwea na Ruangwa hazina ufuko. Hata hivyo maji yake huteremkia Bahari Hindi, kwa Mto Mbwemkuru unaoingia baharini kati ya Kilwa na Lindi, na kwa Lukuledi unaoishia Lindi mjini. Mvua za huku ni za msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili. Kwa miezi mingi korongo ni kavu, na kinachotupwa humo hukaa humo: vizibo, vifungashio vya biskuti, chupa za maji, na kwenye mashamba ya mikorosho mifuko ya salfa na chupa za viuatilifu. Mvua kubwa za kwanza husomba sehemu kubwa ya vitu hivyo kwa mkupuo.

Kwa hiyo anayehesabu Machi anaweza kukuta korongo jeupe na kuusifu mji kwa usafi, kumbe taka ziko njiani kuelekea baharini. Hapa inahitajika istilahi ya tatu, "mpito": idadi ya vitu vinavyopita chini ya daraja kwa saa. Vizibo na mifuko laini huelea, hivyo mtu aliyesimama darajani huviona. Chupa ya maji isiyo na kizibo ikijaa maji huzama, kwa kuwa plastiki yake ni nzito kuliko maji, nayo humpita bila kuhesabiwa.

Kwa wilaya hizi mbili ningependa fomu ya ukaguzi iwe na safu ya taka zilizopo, ijazwe Novemba kabla ya mvua na tena Mei mto unapopungua; safu ya mlimbiko kwa kipande kilichosafishwa; na safu ya mpito kwa siku za mafuriko ya kwanza, hata kama ni saa moja tu ya kusimama darajani.