Ukaguzi wa gari la mkononi (Kasoli, Bariadi)

Ukaguzi wa gari la mkononi ni kazi ya kutambua umri wa kweli, kilomita zilizotembewa na uzima wa gari lililokwisha kutumika, kabla mnunuzi hajatoa pesa. Makala hii inauangalia kutoka Kasoli, kata ya Wilaya ya Bariadi katika Mkoa wa Simiyu, nchi ya pamba, ambako fedha kubwa huingia mikononi mwa wakulima mara moja kwa mwaka, msimu wa ununuzi unapofunguliwa kuanzia Mei au Juni. Gari linalonunuliwa kwa fedha hiyo ni jasho la mwaka mzima, na kosa la siku moja mbele ya dalali halirudishiki hadi mvua nyingine. Magari yanayozungumzwa hapa hasa ni Toyota Hiace, Noah na Probox. Magari ya kulala na pikipiki vinagusiwa mwishoni.

Katika Tanzania "gari la mkononi" ni lile ambalo limekwisha kuwa na mmiliki ndani ya nchi. Lile linaloshuka bandarini bila namba ya hapa huitwa jipya, hata kama limetumika Japani miaka kumi na mitano.

Usuli

Kabla ya miaka ya 1980 gari binafsi lilikuwa adimu vijijini. Yaliyoonekana ni Land Rover za serikali na misheni, na malori ya vyama vya ushirika yaliyobeba pamba. Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, na magari ya mitumba ya Japani yakaanza kuingia kwa wingi, mengine yakipitia Dubai. Japani huendesha kushoto kama Tanzania, kwa hiyo usukani haukuhitaji kuhamishwa. Mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Shinyanga, Bariadi ikawa makao makuu, na barabara ya lami ya Lamadi hadi Bariadi, takriban kilomita 72, ikaongeza safari za abiria na idadi ya magari yanayobadilisha mikono.

Kilomita

Geji ya kilomita ndiyo inayotazamwa kwanza, na ndiyo inayodanganya kwa urahisi kuliko kitu kingine chochote ndani ya gari. Geji za zamani za namba zinazozunguka hurudishwa nyuma kwa kufungua dashibodi. Za kidijitali huandikwa upya kwa kompyuta ndogo katika muda mfupi kuliko wa kubadilisha tairi. Marekani ilipiga marufuku jambo hilo kwa sheria ya mwaka 1972, na Ujerumani ililifanya kosa la jinai mwaka 2005. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mlaji katika biashara.

Ushahidi bora wa kilomita ni karatasi za Japani. Huko gari binafsi hupelekwa kwenye ukaguzi wa lazima likifikisha miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Gari la mizigo kama Hiace hupelekwa mara nyingi zaidi. Tangu mwaka 2004 kilomita huandikwa kwenye hati ya ukaguzi huo, na cheti cha kuuza gari nje hubeba namba hiyo. Aliyeagiza gari mwenyewe aghalabu bado ana nakala kwenye faili, pamoja na karatasi ya mnada yenye alama za ubora. Herufi R humaanisha kwamba gari liligongwa likatengenezwa. Muuzaji anayesema karatasi zote zimepotea huenda anasema kweli, lakini bei yake lazima ishuke.

Karatasi zikikosekana, gari lenyewe hubeba kumbukumbu. Fungua mlango wa dereva utazame ubavuni, au inua boneti: mara nyingi kuna stika ndogo ya Kijapani ya siku oili au belti ilipobadilishwa, yenye tarehe na kilomita. Mwaka huandikwa kwa enzi za wafalme wao. Kwa enzi ya Heisei, iliyoanza 1989 na kuisha Aprili 2019, ongeza 1988: stika yenye 25 ni ya mwaka 2013. Kwa Reiwa, iliyofuata, ongeza 2018. Stika ikisema kilomita 143,000 mwaka 2013 na geji leo inasema 98,000, hakuna haja ya kuendelea na mazungumzo. Hiace nyingi za dizeli zina kitaa kilichoandikwa T-BELT, ambacho huwaka kila kilomita 100,000 kumkumbusha mwenye gari belti ya taimingi. Kikiwaka kwenye gari linalodai kilomita 60,000, kuna namba moja inayosema uongo, na si ya kitaa.

Kisha kuna mwili wa gari. Fikiria Hiace ambayo geji yake inasoma 78,000. Raba ya pedali ya klachi imelika upande wa kulia hadi chuma kinaonekana. Usukani, ambao ngozi yake kiwandani huwa na vinundu vidogo, umekuwa laini na unang'aa mahali mikono inaposhika. Ukingo wa kiti cha dereva, anapopandia na kushukia, umepasuka na kushonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Kitasa cha gia hakina tena mchoro wa namba. Kilomita 78,000 hazifanyi hayo. Kinyume chake, raba mpya kabisa ya pedali kwenye gari kuukuu ni jambo la kuuliza, kwa sababu hakuna anayebadilisha raba ya pedali bila sababu.

Tairi nazo husema umri wake. Ubavuni mwake kuna tarakimu nne ndani ya kisanduku: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Mkanda wa kiti una lebo yenye mwaka wa kutengenezwa, na mkanda ambao ni mdogo kwa umri kuliko gari huenda ulibadilishwa baada ya ajali.

Namba ndogo kwenye geji bado si habari njema. Gari la familia Japani mara nyingi hutembea kama kilomita 10,000 kwa mwaka, kwenye lami. Hiace ikifanya Bariadi na Lamadi, kwenda na kurudi mara mbili kwa siku, hutembea kilomita 288. Kwa siku 300 hizo ni 86,400. Mwaka mmoja wa kubeba abiria Simiyu unazidi miaka minane ya Japani, na hapo hatujahesabu uzito wa magunia juu ya paa. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji liwe gari lilifanya kazi gani na njia ipi. Kilomita zifuate baadaye.

Udongo wa mbuga

Sehemu kubwa ya Usukuma, Simiyu ikiwemo, ina udongo mweusi wa mfinyanzi unaoitwa mbuga. Mvua ikinyesha hunata kama gundi. Ukikauka hugeuka tofali. Gari lililoishi vijijini hubeba udongo huo ndani ya chasisi, juu ya tangi la mafuta na nyuma ya matao ya magurudumu, mahali ambapo mashine ya kuoshea haifiki. Lala chini na tochi. Gari linalosemwa kuwa lilikuwa la mjini, lenye tofali jeusi ndani ya chasisi, lina maelezo ya kutoa. Udongo huo hushika unyevu na kulisha kutu polepole. Kutu ya pwani ni tofauti: gari lililokaa Dar es Salaam, Tanga au Zanzibar huliwa na chumvi ya bahari, kuanzia kwenye maungio ya bodi na sakafu chini ya zulia. Barabara za vumbi nazo humaliza bushi, boli jointi na shokapu. Endesha gari polepole kwenye makorongo, vioo vikiwa wazi na redio imezimwa, usikilize miguu yake.

Injini

Gari likaguliwe injini ikiwa baridi, yaani asubuhi kabla muuzaji hajaliwasha. Gusa boneti: ikiwa ya moto, mtu amelitayarisha. Chomoa kijiti cha oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani yake, na hiyo ni gasketi ya silinda hedi au zaidi. Baada ya kuwasha, fungua kifuniko cha oili: injini inayopumua kwa nguvu na kutoa moshi hapo ina ringi zilizochoka. Moshi wa bluu kwenye ekzosi ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma baada ya injini kupata moto ni maji. Mweusi kwa dizeli ni nozeli au kichujio cha hewa. Noah zenye injini ya D4 zinahitaji fundi anayezijua kweli, kwa sababu mfumo wake wa mafuta una shinikizo kubwa na hauvumilii mafuta machafu.

Bodi

Sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa hushika bati na kukataa bodi fila, yaani rojo la kuzibia bati lililobondeka. Rangi iliyogusa mipira ya vioo imepakwa baadaye, si ya kiwandani.

Namba, kadi na madeni

Sokoni gari hutajwa kwa herufi ya usajili: namba C, namba D, namba E. Wanunuzi wengi huichukua herufi hiyo kama umri wa gari, na hapo ndipo wanapoumia. Herufi huonyesha gari lilisajiliwa Tanzania lini, wala haisemi lilitengenezwa lini. Gari la mwaka 2003 linaweza kuwa na namba E. Mwaka wa kutengenezwa uko kwenye kadi, na namba ya chasisi kwenye kadi lazima ilingane, tarakimu kwa tarakimu, na ile iliyogongwa kwenye chuma. Umri huo una uzito pia bandarini: Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa gari lililozidi miaka 8, na mkubwa zaidi kwa lililozidi 10, wakati Kenya hukataa kabisa lililozidi miaka 8 na Uganda lililozidi 15.

Faini za trafiki huangaliwa kwenye mfumo wa polisi wa TMS kwa kuandika namba ya gari. Umiliki hubadilishwa kwenye Mamlaka ya Mapato, TRA. Mkataba wa mkono kwa mkono mbele ya mwenyekiti wa kijiji husaidia, lakini kadi ikibaki na jina la mtu wa tatu ambaye hakuna anayemjua, mnunuzi amenunua mgogoro. Maneno ya dalali kama "weka mafuta uondoke" au "injini haijawahi kufunguliwa" hayaandikwi kwenye mkataba; mnunuzi aombe yaandikwe, atazame kama muuzaji atakubali.

Gari la kulala

Magari yenye kitanda na jiko ndani huonekana mkoani kwa nadra, ya watalii wanaoelekea lango la Ndabaka la Serengeti. Japani hujengwa mara nyingi juu ya Hiace. Kwa gari la aina hii kilomita si hoja kubwa. Maji yaliyopenya kwenye paa na kuozesha mbao za ndani ndiyo ya kutafutwa, kwa kubonyeza kuta kwa kidole gumba.

Pikipiki

Kwa bodaboda, geji mara nyingi imekufa au waya wake umechomolewa, kwa hiyo hakuna anayeiuliza. Pikipiki iliyokuwa ya mkataba, ambayo dereva alilipia kila siku hadi ikawa yake, imefanya kazi mchana na usiku bila kupumzika. Hutazamwa meno ya sproketi: yakichongoka na kulala upande mmoja kama mawimbi, mnyororo, sproketi na bei vyote vinahitaji kuzungumzwa upya. Kisha gurudumu la nyuma hushikwa kwa mikono miwili na kutikiswa kushoto na kulia. Mchezo wowote hapo ni bushi za swingamu au beringi za gurudumu, na usafiri wa kupeleka mgonjwa Bariadi usiku hautaki mchezo huo.