Chumo: mapenzi ya mvuvi, na nani analipia

Sisi wa Sinza samaki tunakutana naye akiwa kwenye beseni, ameshatoka Feri. Mvuvi mwenyewe hatumjui, na kwenye filamu zetu ndiyo kabisa, haonekani. Bongo Movie ilipokuwa moto ilijaa majumba ya kifahari, magari ya kuazima na wachumba wanaosalitiana sebuleni. Ndiyo maana nimerudi kuiangalia Chumo, filamu ya Jordan Riber ya mwaka 2011.

Hadithi yake utaona kama unaijua tayari. Tuko kijiji cha wavuvi. Amina, aliyeigizwa na Jokate Mwegelo, anampenda kijana mvuvi asiye na kitu. Baba yake anataka mkwe mwenye nacho. Katikati ya mvutano huo kuna ujauzito, na kuna malaria.

Wajapani nao wana hadithi ya namna hii. Mwaka 1954 Yukio Mishima alitoa riwaya ya Shiosai, ya kisiwa kidogo cha wavuvi. Shinji ni masikini, baba yake alikufa vitani, mama yake anapiga mbizi baharini ili familia ile. Anampenda Hatsue, binti wa tajiri mwenye meli. Kijiji kinaanza umbea, mzee anawapiga marufuku kuonana. Mwishowe anamchukua Shinji na mpinzani wake kwenye meli yake, na dhoruba ndiyo inayoonyesha nani mwanaume. Filamu yake ilitoka mwaka huohuo, ikarudiwa 1964, 1971, 1975 na 1985. Mara tano!

Sasa kwa nini mapenzi ya mvuvi kwetu yasubiri mbu ndipo yapate kamera? Maana Chumo ilitengenezwa na shirika la MFDI kama sehemu ya kampeni ya kuwakinga wajawazito na malaria.

Mambo haya hayakuanza juzi. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa Waingereza ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment uliweka kambi Vugiri, kule Tanga. Ulitengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika kuhusu minyoo, kilimo na kuweka akiba posta. Tulipopata uhuru, mwalimu akabadilika lakini darasa likabaki. Kampuni ya Filamu Tanzania ilianzishwa 1968, na Fimbo ya Mnyonge ya miaka ya 1970 ikaja kuhubiri vijiji vya ujamaa. Baadaye zamu ikawa ya wafadhili wa afya. Mtazamaji amekaa kwenye benchi lilelile, anafundishwa.

Simaanishi Chumo ni mbaya. Malaria inaua wajawazito kweli, na filamu inayomfanya mtu akumbuke kliniki ina thawabu yake. Tena Riber alielewa kitu kimoja: somo peke yake halimkalishi mtu. Kinachomkalisha ni kutaka kujua kama Amina atampata wake. Kwa Mishima, bahari ndiyo inayotisha. Kwenye Chumo kazi hiyo amepewa ugonjwa.

Ila mfadhili akishalipia, hadithi inaishia pale kampeni yake inapoishia. Chumo ni kile unachokipata kwa jasho lako, na maisha ya mvuvi yana mengi ya namna hiyo ambayo hayana kampeni. Kuna tajiri mwenye boti anayechukua fungu lake kabla mabaharia hawajagawana. Kuna wanaokwenda dago, wake zao wakabaki wanakopa unga dukani. Kuna kijana aliyepoteza mkono kwa uvuvi wa baruti, na binti aliyekuwa ameshakubali posa yake. Huyo binti anafanyaje?

Hilo swali halina mfadhili. Na hadithi zake ziko hapo Kunduchi na Msasani, nauli ya daladala tu kutoka hapa Sinza. Wajapani walirudi kwa mvuvi wao mara tano. Sisi twende hata mara ya pili.