Jina Linalorithiwa: Msamiati wa Kiswahili na Mchezaji wa Kiirua katika Hadithi ya Natlan

Suala la majina ya wahusika limewashughulisha wahakiki wa fasihi ya Kiswahili kwa muda mrefu, na aghalabu mjadala huo huanzia kwa Shaaban Robert. Katika Kusadikika (1951) mshtaki anaitwa Majivuno na mshtakiwa Karama. Wajumbe sita wanaotumwa pande sita za ulimwengu ni Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Katika Adili na Nduguze (1952) ndugu wawili waovu ni Hasidi na Mwivu, na msomaji haulizi ni nani atakayemhini mwenziwe. Lawama inayotolewa mara kwa mara ni kwamba jina la namna hiyo huua taharuki. Mhusika akishaitwa Adili, njia yake imekwisha kuchorwa, na msomaji hana la kufanya ila kumsindikiza hadi mwisho anaoujua.

Lawama hiyo yafaa kuangaliwa upya, na sababu ya kufanya hivyo imetoka mahali ambapo wahakiki wa Kiswahili hawakuwa na mazoea ya kutazama. Tarehe 28 Agosti 2024 kampuni ya miHoYo ya Shanghai, iliyoanzishwa mwaka 2012 na vijana waliosoma pamoja chuo kikuu, ilitoa sehemu mpya ya mchezo wake wa mtandaoni uitwao Genshin Impact. Mchezo wenyewe ulikuwa umetoka tarehe 28 Septemba 2020. Ni hadithi ndefu iliyochorwa kwa mtindo wa katuni za Kijapani, yaani anime: msafiri anayemtafuta pacha wake aliyepotea anazunguka nchi baada ya nchi, na mchezaji ndiye anayemwongoza hatua kwa hatua, akipigana, akisikiliza, akichagua la kujibu. Sehemu mpya ya hadithi hutolewa takriban kila baada ya wiki sita. Nchi iliyofunguliwa mwezi huo wa Agosti inaitwa Natlan, na mashujaa wa Natlan hupewa Majina ya Kale. Miongoni mwa Majina hayo ni Uthabiti, Umoja, Malipo na Tumaini.

Majina hayo hayakutiwa kama pambo la kando. Kwa mujibu wa hadithi, Jina la Kale hurithiwa: shujaa mmoja akifa, Jina lake hungoja mpaka apatikane mwingine anayelistahili, na matendo ya waliotangulia hubaki yamehifadhiwa ndani yake. Mwenye Jina akifa vitani anaweza kurejeshwa hai, ilmuradi wenzake warudi na ushindi. Asiye na Jina hana haki hiyo. Kwa hiyo neno la Kiswahili katika Natlan ndilo linalotenganisha kifo cha kawaida na kifo chenye njia ya kurudi.

Sehemu ya kwanza ya kisa imejengwa juu ya neno moja. Kachina ni msichana mdogo wa umbo, mwepesi wa kulia, ambaye wenzake hawamtarajii makubwa. Yeye ndiye aliyerithi Jina la Uthabiti, na mzigo wake mkubwa ni kudhani kwamba Jina limemwangukia mtu asiyelifaa. Anakwenda vitani, anakwama katika Ufalme wa Usiku, na mchezaji, ambaye saa chache kabla alikuwa akimwongoza njiani na kumfariji, anaingia huko kumtafuta. Wengi waliocheza sehemu hii walitekwa nayo hasa hapo. Kisa kinauliza swali ambalo Shaaban Robert hakuliuliza: je, mtu aweza kupewa jina la sifa asiyokuwa nayo, kisha akaikua sifa hiyo taratibu? Adili anazaliwa Adili. Kachina anapewa Uthabiti naye angali anatetemeka. Jina limetangulia, tabia inalifuata kwa mbali, na taharuki yote imo katika pengo lililo baina ya viwili hivyo. Inaelekea, basi, kwamba lawama ya zamani ilielekezwa pasipostahili. Kinachoua taharuki ni mtunzi kumpa mhusika jina na sifa yake kwa siku moja.

Haitoshi kusema kwamba watunzi wa Shanghai walikopa maneno ya watu. Shaaban Robert mwenyewe alikopa. Kisa cha Adili kina asili yake katika Alfu Lela U Lela, katika hekaya ya Abdullah bin Fazil na ndugu zake waliogeuzwa mbwa. Mwandishi wa Tanga akawageuza manyani, akaondoa majina ya watu akaweka majina ya tabia. Neno uthabiti nalo lina mzizi wa Kiarabu, kama lilivyo tumaini, ilhali umoja na malipo yana mashina ya Kibantu. Majina yanayoitwa ya kale katika Natlan ni zao la biashara na ndoa za Bahari ya Hindi, na mengine yao yalikuwa mageni pwani kabla hayajawa ya wenyeji.

Safari ya maneno hayo nje ya Afrika Mashariki pia ina historia yake, na historia hiyo inaeleza kwa nini mtunzi wa Kichina akitafuta sauti ya Kiafrika huenda moja kwa moja kwenye nomino dhahania za Kiswahili. Mwaka 1966 Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa huko California, akaipa nguzo saba zenye majina ya Kiswahili, ya kwanza ikiwa Umoja. Mwaka huohuo, katika filamu za televisheni za Star Trek, alitokea afisa wa chombo cha angani aitwaye Uhura, jina lililotoholewa kutoka uhuru. Mwaka 1994 filamu ya Disney ya The Lion King ikawasambazia watoto wa dunia nzima Simba na Rafiki. Katika mlolongo huo Kiswahili kilizoeleka kuwa ghala la maneno yenye heshima: neno moja moja, bila sentensi. Karenga angalau alitaka neno liishi katika maisha ya watu wanaolitamka. Waliofuata walihitaji mlio wake tu. Natlan inasimama mahali fulani kati ya hao, na ni vigumu kuamua ni wapi hasa, kwa sababu neno linatumika kwa maana yake sahihi na kwa uzito unaolistahili, na bado hakuna mkazi hata mmoja wa nchi hiyo anayezungumza lugha lilikotoka. Hadi Natlan ilipofunguliwa, maandishi ya mchezo yalikuwa yakipatikana kwa lugha 15 na sauti za wahusika kwa lugha 4. Kiswahili hakikuwamo.

Hapa ndipo mchezaji wa Kiirua anapoingia. Anayezungumziwa si mtu mmoja ajulikanaye kwa jina. Ni hadhira, kwa maana ileile ambayo mhakiki humzungumzia msomaji wa utendi asiyewahi kuonana naye. Kiirua iko Buuri, katika Kaunti ya Meru, kaskazini mwa mji wa Meru, na watu wa mbali huijua zaidi kwa misheni ya Kikatoliki na hospitali yake ya Mtakatifu Theresa. Lugha ya nyumbani huko ni Kimeru. Kiswahili kilifika kwa njia ya soko, kanisa na ofisi, na zaidi ya yote kwa njia ya shule, hasa baada ya mfumo wa 8-4-4 kukifanya somo la lazima na la kutahiniwa kuanzia mwaka 1985. Katiba ya mwaka 2010 ilikitambua kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Neno kama uthabiti, kwa kijana aliyekulia huko, halikutoka kwa bibi. Lilitoka kwa mwalimu. Ni neno la insha, neno ambalo mwanafunzi hulitia katika aya ya mwisho akitumaini kuongezewa alama. Umoja ni jina la kikundi cha akina mama wanaochangishana. Malipo ni neno la risiti.

Mchezaji huyo ameufikia mchezo kwa taabu yake mwenyewe. Nyaya za intaneti za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009 zilifungua njia, lakini mchezo wenyewe, ukiwekwa katika simu, unazidi gigabaiti 20, na bando za data hununuliwa kwa fedha taslimu. Akiingia, hukuta kwamba seva zimegawanywa kwa kanda: Amerika, Ulaya, Asia, na ile ya Taiwan, Hong Kong na Macao. Afrika haina yake. Huchagua Ulaya kwa kuwa iko karibu zaidi, kisha huzoea ule mkawio mdogo kati ya kidole na upanga. Haya si mambo ya kiufundi tu. Msomaji aliyeilipia hadithi kwa dhiki hii huisoma kwa namna yake; hakurupuki, haruki mazungumzo.

Akifika Natlan, jambo la ajabu hutokea. Kinaya kama kinavyofahamika katika tamthilia ni kwamba hadhira inajua jambo ambalo mhusika halijui. Kwa kawaida jambo hilo ni la kisa: nani ni muuaji, nani amevaa mavazi ya nani. Huku Natlan kinachojulikana ni lugha. Wahusika wanalitamka neno Uthabiti kwa unyenyekevu, kama watu washikao chungu kilichofukuliwa kaburini. Mchezaji wa Shanghai au wa Paris hulipokea hivyohivyo, na kwa kuwa halielewi, hulisikia kuwa la kale kweli. Mchezaji wa Kiirua peke yake hulisikia kuwa la jana. Kabla Kachina hajafanya lolote, yeye amekwisha kujua Jina linadai nini, na anapomwona msichana akilia, anaelewa kiasi cha deni mapema kuliko wale ambao kisa kiliandikwa kwa lugha zao. Anazungumza na wahusika kwa Kiingereza, anawaza kwa Kimeru, na neno lililobeba kisa kizima analielewa kwa lugha ya tatu ambayo mchezo haukudhani kwamba mtu yeyote mbele ya kioo angekuwa nayo.

Je, hali hiyo humtoa katika hadithi? Yamkini kwa dakika moja, naam. Kuzama katika hadithi huhitaji ugeni fulani, na neno la insha likitokea ghafla katikati ya milima ya moto laweza kuchekesha. Ila kicheko hicho hakidumu, kwa sababu muundo wenyewe wa Natlan si mgeni kwa Wameru. Anne-Marie Peatrik, mwanaanthropolojia Mfaransa aliyechapisha utafiti wake juu ya Tigania na Igembe mwaka 1999, ameeleza mfumo wa marika ambao majina yake hurudi kwa mzunguko: Ratanya, Miriti, Gichunge, Kiramunya na mengineyo. Rika hupokea jina ambalo wengine walikwisha kulibeba, pamoja na sifa na aibu zao. Watunzi wa Shanghai waliunganisha maneno ya pwani na majina ya Wamaya, ya Waazteki na ya Wayoruba bila kujali umbali, na hakuna dalili kwamba waliifikiria Meru. Walakini wazo la jina linalomsubiri mwenyewe lina maana kamili mahali ambapo mzee huulizwa rika lake kabla ya umri wake.

Neno Malipo linastahili aya yake. Mwenye Jina hilo ni Kinich, kijana anayepima kila jambo kwa gharama yake na asiyefanya kazi bila kujua ujira. Kwa bahati au kwa kusudi, yeye ndiye mhusika anayefanana zaidi na biashara ya mchezo wenyewe. Kuuingia mchezo ni bure. Kuwapata mashujaa kama yeye ni bahati nasibu, iliyofuata mfano wa zile mashine za Kijapani zinazotoa kidude usichokichagua. Kila jaribio hugharimu vito 160, uwezekano wa kumpata shujaa wa daraja la juu kwa jaribio moja ni asilimia 0.6, na hakikisho huja katika jaribio la 90. Vito hukusanywa kwa kucheza siku nyingi au hununuliwa. Shahrazad alikatiza hekaya alfajiri ili aishi. Genshin Impact humkatiza mchezaji kwa kumnyima nguvu, ambazo hurudi moja kila baada ya dakika 8. Kijana wa Kiirua anayeamka usiku kuangalia kama zimejaa ametekwa na ufundi wa zamani, ila safari hii duka limewekwa mlangoni. Na neno linalotokea katika simu yake fedha zinapotoka ni lilelile ambalo Kinich analibeba kama heshima.

Picha za Natlan zilipooneshwa mwezi Julai 2024, wachezaji wengi, na baadhi ya waigizaji wa sauti, walilalamika hadharani kwamba mashujaa waliopewa majina kama Iansan na Ororon, yenye asili katika imani za Wayoruba, wengi wao walichorwa wakiwa na ngozi nyeupe au iliyokaribia weupe. Malalamiko hayo yalikuwa ya haki. Hata hivyo yalisimama kwenye jicho, na ya sikio hayakuulizwa. Hakuna aliyedai kwamba nchi ambayo mashujaa wake wanafufuliwa kwa maneno ya Kiswahili iwe na mtu mmoja, hata muuza samaki, anayeweza kutunga sentensi kwa lugha hiyo. Hakuna pia mhakiki wa Kiswahili aliyesikika akiidai Natlan, ingawa ndiyo hadithi iliyowafikisha watu wengi kabisa mbele ya neno uthabiti tangu neno hilo lianze kuandikwa.

Mwishoni mwa mapambano msafiri naye anapewa Jina la Kale, lililofuliwa na Xilonen, mhunzi wa majina. Ni jina la mchezaji mwenyewe sasa, yeyote awaye na popote alipo. Anaitwa Tumaini. Huko Buuri kuna uwezekano mkubwa kwamba mchezaji amewahi kuketi dawati moja na mwenye jina hilo, na kwamba alimwazima kalamu.