Alama Zikigoma Kupanda

Kati ya Januari na Aprili, sista yangu alifanya mtihani wa majaribio wa GMAT mara tatu. Alipata 555, halafu 565, halafu 555 tena. Kati ya jaribio la kwanza na la tatu alikuwa amepiga maswali zaidi ya elfu moja, mengi yake hapa nyumbani Kisian, wikendi akitoka kazini Kisumu, kwenye meza ile ile ambayo siku za kawaida mimi huandikia makala za kulipwa. Jioni ya 555 ya pili alifunga laptopu akasema, "Omera, mimi naona kichwa changu kinaishia hapa."

Baba alikuwa amekaa karibu na mlango na redio yake. Akapunguza sauti. "Mimi nilipata 23," akasema. "Nikarudia, nikapata 24. Nikarudia tena, 23."

Hakuna aliyemuuliza anazungumzia nini. Kwetu kila mtu anaijua CPE ya Baba. Aliifanya mara tatu mfululizo, 1976, 1977 na 1978, akiwa darasa la saba miaka yote hiyo, na wadogo zake wakamfikia. Alama za juu kabisa zilikuwa 36. Hakuitwa na sekondari yoyote ya serikali.

Nami nina zangu, ingawa sikuzitaja jioni ile. Chuoni nilikuwa na somo moja la hesabu lililonipiga sapu mara mbili. Nilipata 37, nikapata 38, nikapata 37, na kupita ni 40. Mwaka wa tatu nikaacha. Huwa nawaambia watu niliacha kwa sababu ya karo, na karo ilikuwa tatizo kweli, lakini ile 37 ya pili ndiyo iliyonifungasha virago.

Basi watu watatu nyumba moja, na kila mmoja ana mtihani uliomgomea mahali pamoja. Sista alisema ni kichwa. Baba huamini ni bahati. Mimi sikuwa na jibu, nikaanza kutafuta.

Tuanze na GMAT yenyewe, maana wengi tunaijua kwa jina tu. Ilianza Marekani mwaka 1954, baada ya kikundi cha shule za biashara kutaka mtihani mmoja wa kuwapima waombaji wote. Kazi ya kuutunga ilipewa ETS, shirika lililoundwa 1947 na lililokuwa tayari linaendesha SAT, mtihani wa kuingia vyuo vikuu ulioanza 1926. Jina GMAT lilikuja 1976, na mwaka 1997 mtihani ukahamia kwenye kompyuta. Wa sasa una maswali 64, dakika 135, na alama zinaanzia 205 hadi 805. Unapima hesabu, kusoma kwa kuelewa, na kutafsiri data. Ukijibu vizuri, kompyuta inakuletea maswali magumu zaidi, ukikosa, inalegeza. Ndiyo maana mtu anaweza kukosa maswali mengi na bado akapata alama nzuri, na ndiyo maana kuhesabu umepata mangapi hakukuambii mengi.

Kwa miaka mingi waliotunga mitihani hii walishikilia kwamba inapima uwezo ambao mafunzo ya muda mfupi hayawezi kuubadilisha. Yaani sista angekuwa sawa: kichwa kinaishia hapo. Aliyewapinga alikuwa mwalimu wa tuisheni wa Brooklyn, Stanley Kaplan, ambaye kuanzia 1946 alikuwa akiwaandaa vijana wa mtaani kwake kwa SAT. Mzozo huo ulikwenda hadi kwa shirika la serikali ya Marekani linalolinda wateja, na uchunguzi wake wa 1979 ukaonyesha kwamba mafunzo ya aina hiyo yaliongeza wastani wa alama kama 25 kwa kila sehemu. Si muujiza, na matangazo ya tuisheni huahidi makubwa zaidi ya hapo. Lakini pia si sifuri. Ukuta unasogea.

Hapa kwetu mitihani ya Wamarekani ina hadithi yake, na inapita barabara hii hii. Ukifika njiapanda ya Kisian, mkono wa kushoto unakwenda Bondo, na ukinyoosha unapanda kuelekea Maseno na Busia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, shule ya Maseno ilikuwa na mwanafunzi mmoja mwerevu na mtundu aliyeondoka bila kumaliza na bila cheti. Alikuwa Barack Obama, baba wa yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani. Bila cheti cha Cambridge, milango ya vyuo ilikuwa imefungwa. Alikwenda Nairobi, akafanya kazi ya ukarani, na wanawake wawili Wamarekani waliokuwa wakifanya kazi ya kueneza kusoma na kuandika, Elizabeth Mooney na Helen Roberts, wakamshika mkono. Alisoma kwa posta ili kupata alichokosa Maseno, na 1959 akaingia Chuo Kikuu cha Hawaii. Watu husema alipanda ile ndege ya Tom Mboya ya Septemba 1959 iliyobeba wanafunzi 81. Hakuwa ndani yake. Alikwenda kwa njia yake.

Hadithi hiyo huwa tunaisimulia kama hadithi ya akili nyingi. Sina ubishi, akili alikuwa nazo. Lakini Maseno alikuwa na akili hizo hizo na bado alitoka mikono mitupu. Kilichobadilika Nairobi ni kwamba kulikuwa na watu wa kukaa naye na kuangalia anahitaji nini hasa.

Baba hakuwa na mtu kama huyo. Alikuwa na kurudia.

CPE ilianza 1966, ikichukua nafasi ya KPE. Ilikuwa na karatasi tatu, Kiingereza, hesabu na ile ya mchanganyiko yenye historia, jiografia na sayansi, na maswali yalikuwa ya kuchagua jibu. Nafasi za sekondari za serikali zilikuwa chache mno kuliko watoto, kwa hivyo kurudia darasa la saba kukawa kama desturi. Wengine walihama shule ili kurudia, wengine walibadilisha hata majina. Na walichokifanya mwaka wa pili kilikuwa kile kile cha mwaka wa kwanza. Baba anakumbuka mwalimu akisoma maswali ya miaka iliyopita na darasa zima likiimba herufi: B, D, A, A, C. "Tulikremu," anasema. "Swali likibadilishwa kidogo, unabaki umekodoa macho."

Sasa sikiliza jambo ambalo sikulijua mpaka mwaka huu. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1970, miaka ile ile Baba anarudia, kulikuwa na watu Nairobi waliokuwa wakisoma majibu yaliyokosewa.

Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulikuja Kenya kuchunguza ukosefu wa ajira, na mojawapo ya mambo uliyolaumu ni mitihani iliyopima kumbukumbu kuliko kufikiri. Miaka iliyofuata CPE ikaanza kubadilishwa, na mtafiti Tony Somerset alikuwa katikati ya kazi hiyo. Maswali ya kukariri yalipunguzwa, yakaja ya kufikiri na ya kutumia mambo ambayo mtoto wa kijijini anayaona kila siku. Halafu wakafanya kitu cha pili: wakaanza kutoa jarida kwa ajili ya walimu, la kueleza matokeo ya mtihani swali kwa swali. Swali hili watoto wengi wamelikosa. Wengi wamechagua jibu fulani. Hii hapa sababu inayoelekea kuwapoteza, na hivi ndivyo unavyoweza kulifundisha.

Fikiria maana yake. Swali la kuchagua likiwa na majibu manne, mtoto asiyejua chochote anabahatisha, na makosa yanatawanyika. Lakini watoto elfu nyingi wakiangukia jibu moja lile lile lisilo sahihi, hao hawabahatishi. Wanafikiri, ila wote wanapotea kwenye kona moja. Hilo ni jambo unaloweza kulirekebisha. Kurudia hakuligusi, kwa sababu anayerudia anaipitia kona ile ile akiwa na mazoea zaidi.

Na ilifanya kazi, ingawa polepole. Mwanzoni pengo kati ya wilaya zilizokuwa mbele na zilizokuwa nyuma lilipanuka. Baada ya miaka michache nyingi za zile za nyuma zikaanza kulipunguza.

Sambamba na jarida, wizara ilianza kupanga wilaya na shule kwa matokeo. Orodha hiyo ndiyo tuliyoipokea kwa mikono miwili. Ikaingia magazetini, ikatuzalishia ndoo za maua, watoto wanaobebwa juu juu, na tuisheni za saa kumi na moja alfajiri, tukaendelea nayo hadi KCPE, ambayo iliishi kuanzia 1985 hadi 2023. Ripoti za makosa hazikufa. Baraza la Mitihani limeendelea kuzitoa. Lakini sijawahi kuona mzazi akicheza barabarani kwa sababu ya ripoti ya makosa.

Nilimuuliza Baba kama aliwahi kuliona jarida hilo. Alifikiri. "Labda lilikuwa kwa kabati la mwalimu mkuu," akasema. Kisha, baada ya muda: "Miaka mitatu, hakuna mtu aliwahi kuniambia ni swali gani nilikosa."

Mimi pia sikuwahi kuuliza. Karatasi zangu za lile somo la hesabu sikuzitafuta hata mara moja. Niliogopa kuziona.

Basi nikamwambia sista aache maswali mapya kwa wiki tatu. Aliniangalia kama nimechanganyikiwa, maana mtihani wenyewe ada yake ni zaidi ya dola 250 na alikuwa ameshalipa. Lakini alinunua daftari la kurasa 96 pale stejini, na kwa kila swali alilokosa katika ile mitihani mitatu akaandika mambo mawili: alichagua nini, na wakati anachagua alikuwa anafikiri nini. Si jibu sahihi. Hilo lilikuja baadaye.

Yalikuwa makosa 71. Alitarajia kukuta kwamba hesabu zimemshinda. Hazikuwa zimemshinda. Kuna aina ya swali ambapo huulizwi jibu, unaulizwa kama taarifa ulizopewa zinatosha. Kwa mfano: je, x ni zaidi ya 3? Unaambiwa x mara x ni zaidi ya 9. Sista alikuwa anasema inatosha. Haitoshi, kwa sababu x inaweza kuwa -4, na -4 mara -4 ni 16. Yeye ni mtu wa benki, namba zake za siku nzima ni nzima na ni chanya. Makosa 22 yalikuwa ya kusahau kwamba namba inaweza kuwa hasi au sehemu. Mengine 19 yalikuwa ya dakika kumi za mwisho, baada ya kung'ang'ania swali moja dakika tano kwa sababu, kwa maneno yake, "nilijua hili ninaliweza." Katika maswali elfu moja alikuwa amefanya mambo hayo mawili tena na tena, kwa bidii.

Wiki tatu zilizofuata alifanya maswali machache sana, na yote ya zile kona mbili. Alijizoeza pia kuliacha swali baada ya dakika mbili na nusu, jambo lililomuuma kuliko hesabu yoyote. Jumamosi iliyopita alifanya mtihani wa majaribio ambao hakuwahi kuuona. Alipata 605.

Shule anayoitaka ingependa zaidi ya hiyo, na mtihani wenyewe ni mwezi ujao. Huenda akapata 635, huenda akarudi 575. Tayari ana makosa mapya ya kuandika, na haya si yale ya zamani.

Baba aliomba daftari alione. Kiingereza cha GMAT hakimpi shida, hesabu ndogo pia. Alifungua kurasa polepole, akisoma safu ya pili tu, ile ya alichokuwa anafikiri. Alipofika katikati akamwita sista, "Nyara, keti hapa," akaweka kidole kwenye mstari mmoja na kumwomba amwelezee kwa nini -4 inakubalika.

Mimi nimeandikia chuo changu cha zamani barua pepe. Nimeuliza kama bado wanazo karatasi zangu.