Kutoka Yakuti hadi Tanzanaiti: Historia ya Majina ya Vito na Changamoto ya Istilahi Nchini Rwanda

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya majina ya vito katika Kiswahili tangu enzi za biashara ya Bahari ya Hindi hadi Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017. Inabainisha matabaka mawili ya msamiati huo, kisha inaonesha namna tafsiri sisisi ya istilahi moja ya Kinyarwanda inavyoweza kupotosha maana ya nyaraka za sekta ya madini.

1. Utangulizi

Kito ni jiwe, au zao la kiumbe hai kama lulu na marijani, linalothaminiwa kwa uzuri, uimara na uhaba wake. Sonara huanza na uimara. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, almasi ina 10, yakuti 9, na tanzanaiti kati ya 6 na 7. Ndiyo maana almasi na yakuti hustahimili pete ya kuvaliwa kila siku, ilhali tanzanaiti hudumu zaidi katika hereni na vidani, ambavyo havigongwigongwi. Kwa hiyo jina la kito hubeba taarifa: humweleza mnunuzi thamani ya jiwe na matumizi yanayolifaa. Jina likikosewa, vyote viwili hupotoshwa.

2. Tabaka la bahari

Majina mengi ya vito yaliingia katika Kiswahili kupitia biashara ya baharini. Almasi, lulu, yakuti, zumaridi, akiki na marijani yametoka katika Kiarabu, ingawa almasi na zumaridi yana mizizi ya mbali zaidi katika Kiyunani. Johari na feruzi asili yake ni Kiajemi. Hata neno sonara lina asili ya Kihindi. Bidhaa na majina vilisafiri pamoja: shanga za akiki kutoka Gujarat zimefukuliwa katika magofu ya miji ya pwani, na mwanzoni mwa karne ya 16 Mreno Duarte Barbosa aliandika juu ya shanga zilizoletwa pwani hiyo kutoka Cambay.

Biashara hiyo haikuwa ya upande mmoja. Huko Dembeni, kisiwani Mayotte, wanaakiolojia wamepata vipande vingi vya bilauri, yaani jiwe angavu la kwatzi, ambavyo vinahusishwa na biashara ya jiwe hilo kutoka Madagaska kuelekea nchi za Kiislamu. Jina limebaki, ila maana imehama: leo bilauri ni gilasi ya kunywea.

Yakuti nalo linastahili kuangaliwa kwa makini. Katika karne ya 11, al-Biruni alieleza yakuti kuwa jiwe lenye rangi mbalimbali. Kiswahili kilirithi mtazamo huo kwa kutofautisha yakuti nyekundu na yakuti samawi. Sayansi imeuthibitisha, kwa kuwa mawe yote mawili ni madini yaleyale ya korundamu. Hata hivyo, Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 ilitumia yakuti ya manjano mahali pa topazi, ambayo ni madini tofauti kabisa. Hapo neno lilivuka mpaka wake, na kamusi bado hazijaurekebisha mpaka huo kikamilifu.

3. Tabaka la soko la dunia

Tabaka la pili lilizaliwa katika ardhi ya Afrika Mashariki, lakini majina yake yalitangazwa New York. Zoisaiti ya buluu iligunduliwa Mererani, kaskazini mwa Tanzania, mwaka 1967; mwaka 1968 kampuni ya Tiffany & Co. iliitambulisha sokoni kwa jina la tanzanaiti. Ganeti ya kijani iliyoonwa na Campbell Bridges nchini Tanzania mwaka 1967 ilikuja kuitwa tsavoraiti, kwa jina la Tsavo nchini Kenya, ambako aliipata baadaye. Jiwe lilionekana kwanza katika nchi moja, likachukua jina la mahali katika nchi nyingine. Wazungumzaji wa Kiswahili hawakushiriki katika uamuzi huo; walipokea majina yakiwa tayari na kuyatohoa.

4. Suala la Kigali

Mwaka 2017, Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Mwaka huohuo iliundwa Bodi ya Madini, Petroli na Gesi ya Rwanda (RMB). Kukutana kwa matukio haya mawili kunaibua suala la istilahi. Kwa Kinyarwanda, madini kwa jumla huitwa amabuye y'agaciro, yaani, neno kwa neno, mawe yenye thamani. Istilahi hiyo hujumuisha koltani, kasiterati na wolframu, madini ambayo hakuna sonara anayeyapachika kwenye pete.

Mtafsiri akiandika "mawe ya thamani", msomaji wa Arusha au Mombasa ataelewa vito. Ripoti ya mauzo ya bati itasomeka kama ripoti ya johari. Kinyume chake, waraka unaohusu vito halisi, kama yakuti samawi ya eneo la Cyangugu, kusini-magharibi mwa Rwanda, utakosa neno la kuvitenga na madini mengine. Tofauti hii inagusa mapato ya umma. Kasiterati hupimwa kwa tani. Kito hupimwa kwa karati, yaani gramu 0.2, na kila jiwe huthaminiwa peke yake kwa rangi, uangavu, mkato na uzito. Kanuni ya ushuru isiyotenganisha makundi hayo humwachia mthamini, au mlanguzi, nafasi ya kuamua jiwe liingie kundi lipi.

5. Hitimisho

Historia inaonesha kwamba asiyeshiriki kutoa jina hulipokea kutoka kwa mwingine. Nyaraka za Tanzania tayari zinatumia istilahi "madini ya vito", na msingi huo unatosha kuanzia. Inapendekezwa kwamba amabuye y'agaciro itafsiriwe "madini". "Madini ya vito" itumike kwa mawe ghafi, na "vito" kwa yaliyokatwa na kung'arishwa. Nalo neno yakuti libaki kwa korundamu pekee. Kazi ya kusanifisha istilahi hizi inaangukia Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar, ikishirikiana na RMB na Inteko y'Umuco, taasisi ya Rwanda inayosimamia lugha na utamaduni. Ni vyema ifanyike kabla tafsiri sisisi haijazoeleka katika mikataba, kwani istilahi iliyokwisha kutiwa saini huwa ngumu kuiondoa.