Kufunga regyuleta ya presha ya mafuta kwenye gari la turbo: usiige nilivyofanya mimi

Mwezi wa kumi na mbili ukikaribia, barabara ya Himo kwenda Marangu inajaa magari ya kila aina. Watu wanarudi nyumbani kula sikukuu, na kila mwenye Subaru ya turbo anataka kuonekana. Na kila mwaka maswali ni yale yale: "Nimeletewa regyuleta ya kuseti, naifungaje?" "Fundi kasema nikikaza ile skrubu gari litakimbia zaidi, kweli?" Leo nayajibu yote kwa mpigo ili siku nyingine nikutumie huku tu.

Nianze na aibu yangu. Nilikuwa na Forester ya injini EJ20 yenye turbo. Nikabadilisha pampu ya mafuta nikaweka kubwa, nikafunga na regyuleta mpya kwenye gereji moja hapa mjini. Kazi ilionekana safi sana, regyuleta inang'aa, geji inang'aa. Nikatoka kwenda Marangu. Nimeipita Himo, mlima umeanza, nikakanyaga. Nikasikia mlio kama changarawe zinatikiswa ndani ya kopo la maziwa. Mimi bado nakanyaga tu, nadhani ni mawe ya barabarani! Marangu Mtoni nilifika na moshi, na pistoni moja imepasuka. Fundi wa kule alipofungua boneti alikuta kihosi chembamba cha hewa kimechomoka kwenye regyuleta. Hakikuwa na klipu. Klipu ya bei ya soda imenimalizia injini nzima.

Ndio maana naandika.

KAZI YA REGYULETA NI NINI?

Pampu iliyo ndani ya tenki inasukuma petroli muda wote, iwe umekanyaga au hujakanyaga. Petroli inafika kwenye reli, pale nozeli zilipochomekwa. Regyuleta inakaa mwisho wa reli. Ndani yake kuna springi na diaframu (kile kiwambo cha mpira). Presha ikizidi, diaframu inanyanyuka, mafuta ya ziada yanarudi tenki kupitia paipu ya kurudishia. Ndivyo presha inavyobaki sawa.

Sasa kile kihosi chembamba cha juu ndicho chenye siri. Kinaunganisha regyuleta na manifodi ya hewa. Gari likiwa sailensa, manifodi inavuta, kwa hiyo presha ya mafuta inashuka. Turbo ikipuliza, presha ya mafuta inapanda kwa kiasi kile kile: turbo ikiongeza bar 1, mafuta nayo yanaongezeka bar 1. Lengo ni kwamba tofauti ya presha kati ya mafuta na hewa kwenye mdomo wa nozeli isibadilike.

Chukua gari lenye presha ya msingi ya bar 3, yaani psi 43.5, ambayo ndiyo ya magari mengi ya Kijapani. Turbo ikipuliza bar 1, kwenye reli unatakiwa usome bar 4, yaani psi 58. Kihosi kikichomoka, reli inabaki na bar 3 wakati hewa inasukuma kinyume kwa bar 1. Nozeli inabakiwa na bar 2 tu za kufanyia kazi. Mafuta yanayopita hufuata kipeuo cha pili cha presha, kwa hiyo hapo umepoteza kama asilimia 18 ya mafuta, tena wakati ule ule injini inayahitaji kuliko wakati wowote. Moto unakuwa mkali, injini inagonga, pistoni inakwenda. Yaliyonikuta ndiyo hayo.

JE, UNAIHITAJI KWELI?

Wengi hatuihitaji, tuseme ukweli. Kama gari lako liko kama lilivyotoka kiwandani, regyuleta ya asili inatosha kabisa. Ya kuseti inahitajika pale:

- Umeweka pampu kubwa (kwa mfano ya lita 255 kwa saa) na ile ya asili inashindwa kurudisha mafuta yote, presha inapanda yenyewe gari likiwa sailensa.
- Umeweka nozeli kubwa na kontroli boksi imepangwa upya.
- Ya asili imekufa na mpya yake hupati. Dalili: chomoa kile kihosi cha hewa, ukikuta petroli ndani ujue diaframu imetoboka. Gari huwa linatoa moshi mweusi na kunuka mafuta.

Na je, kukaza skrubu kunaongeza nguvu? Hapana bana. Ukipandisha kutoka bar 3 hadi 4 unapata mafuta zaidi kwa kama asilimia 15, lakini kontroli boksi haina habari. Gari litakunywa mafuta, plagi zitakuwa nyeusi, na pampu itachoka kwa sababu kila presha ikipanda, lita inazosukuma zinapungua. Nguvu inatokana na kupanga hewa na mafuta kwa pamoja, skrubu peke yake haikupi kitu.

Angalizo: magari mengi ya miaka ya karibuni hayana paipu ya kurudishia kule mbele, regyuleta iko ndani ya tenki. Na yale ambayo nozeli zinapuliza moja kwa moja ndani ya silinda yana pampu ya presha kubwa mno. Haya yote hayahusiki na makala hii.

Kuhusu kununua: Sard, Aeromotive, Turbosmart ni majina yanayoaminika, na ndiyo yanayoigwa kuliko yote. Ya kuiga diaframu yake haiaminiki. Kama bei ni ya kutupa, jiulize.

VITU VYA KUANDAA

Regyuleta na adapta ya reli ya gari lako. Oringi mpya. Geji ya presha ya mafuta. Hosi ya mafuta ya gari la nozeli (tafuta maandishi SAE J30R9 ubavuni). Hosi ya lori au ya kabureta USITUMIE, haikutengenezwa kwa presha hii. Klipu za hosi za nozeli, zile laini zisizokata mpira. Hosi mpya ya hewa na klipu zake mbili. Matambara, tochi, na mtungi wa kuzimia moto wa unga. Ndoo ya maji haizimi petroli, inaitawanya.

HATUA KWA HATUA

1. Fanyia kazi nje, penye hewa. Usifanye karibu na jiko, wala penye mtu anayevuta sigara. Injini iwe ya baridi kabisa. Kwenye EJ20 ya turbo moja, turbo iko juu upande wa dereva, na petroli ikidondokea turbo ya moto hutapata nafasi ya kujuta.

2. Toa presha. Chomoa fyuzi au rilei ya pampu, washa gari, liache lizime lenyewe. Piga starta mara moja tena. Fungua kifuniko cha tenki, kisha toa waya hasi wa betri.

3. Tafuta regyuleta ya asili mwisho wa reli. Kwenye Subaru nyingi imejificha chini ya manifodi, usikate tamaa. Piga picha kwa simu kabla ya kugusa chochote.

4. Funika na tambara, legeza taratibu. Mafuta kidogo yatatoka. Hakikisha oringi ya zamani haijabaki ndani ya reli. Zikikaa mbili, itavuja tu.

5. Paka oringi mpya oili kidogo safi, weka adapta, kaza kwa mkono kwanza. Ikigoma usilazimishe. Penye oringi usiweke tepu ya mabomba ya maji. Vipande vyake vikiingia kwenye mafuta vinaziba.

6. Funga regyuleta kwenye bodi kwa brakti yake, mbali na turbo na eksozi. Acha hosi na ulegevu kidogo, injini inacheza.

7. Unganisha hosi. Kwa nyingi, tundu za ubavuni ni za mafuta kuingia na la chini ni la kurudi tenki, ila soma karatasi yako. Ukigeuza, presha haitasetika.

8. Kihosi cha hewa: kitoke kwenye manifodi, baada ya throto, kwenye tundu lake peke yake. Usikigawe na kifaa kingine. Kiwe kifupi. KLIPU PANDE ZOTE MBILI. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi.

9. Legeza skrubu ya juu. Rudisha fyuzi na betri. Fungua swichi bila kuwasha, funga, rudia mara tatu nne ili pampu ijaze reli. Pita na tochi kila kiungo, futa na karatasi kavu. Ikilowa, usiwashe.

10. Washa. Chomoa kihosi cha hewa, ziba upande wa manifodi kwa kidole au kizibo. Kaza skrubu taratibu hadi geji isome kipimo cha kitabu cha gari lako (mfano psi 43.5). Funga nati ya kufungia. Rudisha kihosi na klipu. Geji lazima ishuke. Isiposhuka, kihosi kimeziba au umekichukua pabaya.

11. Liache lipate moto, kagua uvujaji upya. Zima. Presha ikishuka taratibu ni kawaida. Ikianguka sifuri papo hapo, kuna valvu ya pampu, nozeli au regyuleta inayovujisha.

DAR, MOSHI NA GETI LA MARANGU: MBONA GEJI INABADILIKA?

Hili linawachanganya hata mafundi. Mtu kaseti gari Dar es Salaam, kafika Moshi gari likiwa sailensa anaona presha imepanda, anaanza kulegeza skrubu. Acha!

Dar uko usawa wa bahari, hewa ina presha ya kilopaskali 101 hivi. Moshi mjini, kwenye mita 800 hadi 900, ni kama 91. Geti la Marangu, karibu mita 1,900, ni kama 81. Tuseme sailensa manifodi yako ina kilopaskali 35 kote. Dar mvuto ni 66, Moshi 56, getini 46. Kwa hiyo kihosi kikiwa kimeunganishwa geji itasoma takriban psi 34 Dar, 35.5 Moshi na 37 kule juu. Gari ni lile lile, skrubu ni ile ile. Tofauti ya presha kwenye nozeli bado ni bar 3.

Ndiyo sababu tunaseti kihosi kikiwa kimechomolewa: hapo psi 43.5 ni psi 43.5 popote ulipo, Kariakoo au Kibosho.

JARIBIO LA BARABARANI

Usianze na mlima. Zunguka mjini kwanza, kisha simama ukague uvujaji. Halafu tafuta kipande kitupu chenye mwinuko, gia ya tatu, nusu mguu. Mwenzako asome geji, wewe angalia njia. Presha ya mafuta ipande sambamba na turbo. Turbo bar 0.5, mafuta psi 51 hivi. Turbo ikipanda na mafuta yakagoma au yakaanza kushuka, pampu imeshindwa au filta imeziba. Toa mguu. Kama una geji ya mchanganyiko, turbo ikipuliza kwa nguvu magari mengi ya petroli yanatakiwa yawe kati ya 11 na 12. Ukiona 13 inaelekea 14, rudi nyumbani taratibu.

Na ukisikia changarawe kwenye kopo, siyo mawe ya barabarani.

Mafuta nayo yaangalie. Uchakachuaji ulizidi hadi mwaka 2010 EWURA wakaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuwanasa wahusika. Regyuleta haitibu petroli mbovu.

MWISHO

Turbo siyo ngeni kwetu Afrika Mashariki. Waldegård alishinda Safari Rally mwaka 1984 na Toyota Celica ya turbo, McRae akafanya hivyo 1997 na Subaru Impreza, na nadhani nusu ya Subaru zinazopanda Machame leo zilinunuliwa kwa sababu ya picha zile. Lakini wale walikuwa na mafundi wanaokagua kila kiungo, kila kituo. Wewe na mimi tuna tochi na dakika kumi. Zitumie.

Nilipokuwa nimekaa pembeni ya barabara pale Marangu Mtoni, mzee mmoja aliyebeba majani ya ng'ombe alisimama akaangalia ile injini, akaniuliza, "Kijana, kimeharibika nini?" Nikamwonyesha kile kihosi. Akakishika, akakigeuza, akasema, "Haka?" Akaendelea na safari yake.

Sina la kuongeza. Mwenye gari tofauti na maelezo haya, au fundi mwenye kunisahihisha, karibu kwenye maoni hapo chini. Matusi hapana.